Je, wajua? "Tetemeko la miaka 100" laweza kuja miaka miwili mfululizo

Agosti 12, 2020, saa mbili usiku, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilipiga chini ya bahari, si mbali na Dar es Salaam, likasikika hadi Mombasa. Barazani hapa Lamu mwenzetu akasema hilo ni la miaka mia, jingine wataliona wajukuu. Nikamuunga mkono. Tulikosea sote.

"Miaka 100" si zamu; maana yake ni kwamba kila mwaka tetemeko kubwa kama hilo lina nafasi 1 kwa 100 ya kutokea. Chukua kikapu, tia komwe 100 za bao, moja uipake chokaa. Kila mwaka fumba macho, toa moja, itazame, irudishe. Ukiitoa ya chokaa mwaka huu, mwakani imo humo humo, na nafasi ni ile ile, 1 kwa 100. Komwe haina habari kwamba ilitoka juzi. Kwa hiyo katika miaka 100, uwezekano wa kuipata walau mara moja ni kama asilimia 63. Katika miaka 30, kama 26. Unaweza kuipata mara mbili mfululizo, au ukazeeka hujaiona. (Ardhi si kikapu hasa, kwani tetemeko kubwa huzaa mengine nyuma yake.)

Hiyo 100 yenyewe yatoka wapi? Njia mojawapo, aliyoitilia nguvu Emil Gumbel, mwanahisabati mzaliwa wa Ujerumani, ni kuchukua tetemeko kubwa kuliko yote la kila mwaka na kuyaacha mengine. Mfikirie mvuvi wa Malindi anayeandika daftarini jodari mmoja tu kwa mwaka, yule mzito kuliko wote. Miaka 40, mistari 40. Ipange kwa uzito, utaona inafuata mkunjo wake kwenye grafu, na kwa mkunjo huo utakadiria jodari ambaye hajawahi kuning'inia kwenye mzani. Hili hunistaajabisha mpaka leo. Tena vidagaa visivyoandikwa haviharibu hesabu, na mitetemeko midogo ya zamani, kabla ya vipimo kuenea, mingi haikuandikwa.

Ila mwaka wenye majodari wakubwa wawili, wa pili haandikwi, hupotea. Na daftari letu la Afrika Mashariki ni fupi: Rukwa, Tanzania, 1910, ukubwa 7.4; Subukia, Kenya, 1928, 6.9. Kukadiria la miaka 1,000 kwa mistari mia na ushei ni kukubali kosa pana.

Wimbi lililomuua mtu Malindi Desemba 26, 2004 lilitokana na tetemeko la 9.1 huko Sumatra, ng'ambo ya bahari. Kwenye daftari la eneo letu, tetemeko hilo halimo.