Tiba za Nyumbani kwa Wasiwasi: Zenye Nguvu na Zinazohitaji Tahadhari

Mtu aliyesumbuliwa na wasiwasi kwa wiki nyingi, anapofika kwetu kuomba ushauri, kwa kawaida huuliza kwanza kuhusu kitu cha kunywa au kunusa: jani, mzizi, chai, mafuta. Hatumlaumu, kwa sababu anayeteseka hutamani dawa anayoweza kuishika mkononi. Hata hivyo, kazi yetu ya kila siku pamoja na tafiti za miongo kadhaa vimetuonyesha kwamba wengi wanazipanga tiba hizi kinyume na nguvu zake. Yale ambayo mtu huyafanya kwa pumzi yake, misuli yake, usingizi wake na mambo anayoyaogopa ndiyo yenye nguvu zaidi, wakati mimea, ambayo michache kati yake husaidia kwa kiasi, ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuleta madhara.

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa, bali ni namna mwili unavyojiandaa kukabili hatari. Ubongo unapohisi tishio, sehemu yake ndogo iitwayo amigdala hutoa taarifa kabla hata mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humimina adrenalini katika damu, na dakika chache baadaye homoni ya kotisoli hufuata. Moyo huenda mbio ili kupeleka damu kwenye misuli mikubwa, pumzi huharakishwa, tumbo hupunguza kazi yake ya kusaga chakula, na viganja hutoka jasho. Maandalizi hayo yote yana manufaa kwa anayekimbia moto. Shida huanza pale mwili unapoipokea vivyo hivyo barua ambayo haijafunguliwa, mtihani wa wiki ijayo au maumivu madogo ya kichwa, kisha ukabaki katika hali hiyo siku baada ya siku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba ni takriban mtu mmoja tu kati ya wanne wanaohitaji matibabu ndiye huyapata. Kwa wengi waliobaki, kile wanachokifanya nyumbani ndiyo huduma pekee waliyo nayo, na kwa hiyo inafaa kifanywe vizuri.

Tuanze na pumzi, ambayo inastahili maelezo marefu. Mapigo ya moyo hayatii amri ya mtu, wala utokaji wa jasho, lakini pumzi hutii, na kupitia pumzi tunaweza kuyafikia hayo mengine. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwenye hofu hupumua haraka zaidi na kwa kutumia sehemu ya juu ya kifua, na hapo hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko ile ambayo mwili unaitengeneza. Kiwango cha gesi hiyo katika damu kikishuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana, na matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na kuzunguka midomo, pamoja na hisia ya kukosa hewa. Mtu asiyelijua jambo hili hudhani anakufa, akaongeza kasi ya kupumua, na dalili zikazidi.

Njia ya kuuvunja mzunguko huo ni kupunguza kasi na kurefusha pumzi inayotoka. Keti ukiwa umenyoosha mgongo, weka kiganja juu ya kitovu, vuta hewa kwa pua huku ukihesabu taratibu hadi 4 na tumbo likiinuka, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa kasi ya sekunde, utapumua mara 6 hivi kwa dakika. Katika kasi hiyo neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, huwa na nguvu zaidi ya kuutuliza moyo, na athari yake huonekana wazi hasa wakati hewa inapotoka. Si lazima kuvuta pumzi kubwa. Wapo wanaovuta hewa nyingi mno wakidhani ndivyo inavyotakiwa, wakaongeza kizunguzungu badala ya kukiondoa. Wala usipumulie ndani ya mfuko wa karatasi kama ilivyokuwa ikishauriwa zamani, kwa kuwa anayedhaniwa ana hofu huenda ana pumu au tatizo la moyo, na mfuko humnyima oksijeni anayoihitaji.

Kinachowaangusha wengi ni kulijaribu zoezi hili kwa mara ya kwanza wakati hofu imefika kileleni. Lifanye ukiwa mtulivu, dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa, ili mwili ulizoee kabla ya siku ya shida kufika.

Linaloshabihiana nalo ni zoezi la kulegeza misuli, ambalo daktari Mmarekani Edmund Jacobson alianza kulikuza mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye aligundua kwamba mtu mwenye wasiwasi hukaza taya, mabega na tumbo bila kujitambua, na kwamba hawezi kulegeza asichokihisi. Kwa hiyo anayelifanya zoezi hili hukaza kwa makusudi kundi moja la misuli kwa sekunde 5 hivi, kisha huliachia kwa sekunde 15 au 20 akizingatia tofauti, akianzia miguuni na kupanda hadi usoni. Hili tunalipendekeza hasa kwa wale ambao kuzingatia pumzi huwaongezea hofu badala ya kuwatuliza.

Mazoezi ya mwili yana faida mbili. Ya kwanza inafahamika: kutembea kwa kasi, kuogelea au kuendesha baiskeli hupunguza mkazo, huboresha usingizi na kuinua hali ya moyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hakuna sababu ya kuzikamilisha kwa siku mbili tu. Faida ya pili haisemwi sana. Anayefanya mazoezi huhisi moyo ukidunda, jasho likimtoka na pumzi zikipanda, halafu huona kwamba hakuna baya lililotokea. Kwa aliyekwisha kuzihofia dalili za mwili wake mwenyewe, somo hilo lina thamani kubwa, na maneno ya mshauri hayawezi kuchukua nafasi yake.

Kabla ya kuongeza chochote, hata hivyo, chunguza kinachopaswa kupunguzwa. Kafeini iliyomo katika kahawa, chai, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu huzuia kazi ya adenosini, kemikali inayoutuliza ubongo, na kwa kipimo kikubwa huleta mapigo ya haraka na mtetemo ambavyo ni vigumu kuvitofautisha na wasiwasi wenyewe. Mamlaka za usalama wa chakula za Marekani na Ulaya zinakadiria kwamba miligramu 400 kwa siku hazina madhara kwa watu wazima wengi wenye afya, lakini mwenye wasiwasi mara nyingi huanza kusumbuliwa kwa kiwango cha chini ya hapo. Nusu ya kafeini huchukua takriban muda wa saa 5 kutoka mwilini. Aliyekunywa kahawa saa 10 jioni bado ana nusu yake saa 3 usiku, anapojiandaa kulala. Ipunguze kidogo kidogo katika wiki moja au mbili, maana kuiacha ghafla huleta maumivu ya kichwa na uchovu.

Pombe ni hatari zaidi kwa sababu hutuliza kwelikweli, kwa saa chache. Ubongo hujirekebisha ili kuipinga athari hiyo, na pombe inapoisha mwilini, kwa kawaida usiku wa manane au alfajiri, wasiwasi hurejea ukiwa mkali kuliko ulivyokuwa. Tunawaona watu ambao hawakuwahi kuwa walevi wakiingia katika utegemezi kwa njia hii moja tu. Sigara nayo humdanganya mvutaji: utulivu anaoupata ni kuondoka kwa kiu ya nikotini iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Kuhusu usingizi tutasema machache. Watu wazima wanahitaji angalau saa 7, na jambo lenye msaada mkubwa ni kuamka wakati uleule kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Ukiona umelala macho kwa muda mrefu, ondoka kitandani ukafanye jambo tulivu katika mwanga hafifu, urudi usingizi unapokuja.

Mawazo yanayozunguka kichwani usiku yana tiba yake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake walieleza mbinu ya kuyatengea mahangaiko wakati maalumu: dakika 30 kila siku, mahali palepale, wakati uleule, mbali na saa za kulala. Hangaiko likija nje ya wakati huo, liandike kwa maneno machache na uliahirishe. Muda wake ukifika, pitia orodha yako. Jambo lenye ufumbuzi lipangie hatua ya kwanza, lisilo na ufumbuzi liache lilivyo. Kumwamuru mtu aache kuwaza hakujawahi kumsaidia, lakini kumtaka aahirishe ni jambo analoweza kulitenda.

Kutafakari kwa utulivu, yaani kuielekeza akili katika kile kinachotokea sasa bila kukihukumu, kuna ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Psychiatry, uliowahusisha watu wazima 276 wenye magonjwa ya wasiwasi, uliona kwamba mafunzo ya wiki 8 hayakuzidiwa na esitalopramu, dawa ya hospitali inayotumika kutibu wasiwasi. Tunaomba msomaji azingatie kwamba washiriki walikuwa na mwalimu na walifanya mazoezi takriban dakika 45 kila siku, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kufumba macho dakika mbili mara moja kwa wiki.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni kukwepa. Anayeogopa mkusanyiko wa watu hubaki nyumbani, na mara moja hupata nafuu; nafuu hiyo huufundisha ubongo kwamba mkusanyiko ulikuwa hatari kweli, na kesho huogopa zaidi. Hivyo ndivyo maisha ya watu wengi yanavyofinywa bila wao kutambua. Nyumbani, andika mambo unayoyakwepa kuanzia lenye hofu ndogo hadi lenye hofu kubwa, uanze na la kwanza. Libakie mpaka hofu ishuke yenyewe, kisha lirudie mara nyingi kabla ya kupanda hatua inayofuata. Hofu kali ya ghafla kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka hata kama mtu hakufanya lolote, ila anayekimbia mapema hapati nafasi ya kuliona hilo. Kukwepa kuna sura za siri pia: kukaa karibu na mlango kila mara, kutotoka bila mtu wa kukusindikiza, kumuuliza mwenzi wako mara kumi kama mambo yatakuwa sawa. Hata zoezi la pumzi laweza kugeuka kuwa kukwepa iwapo mtu anaamini kwamba bila hilo ataanguka.

Tukija kwenye mimea, kamomili, ua dogo linalotengenezewa chai, ndiyo yenye rekodi nzuri kiasi. Tafiti za Chuo Kikuu cha Pennsylvania zilizochapishwa mwaka 2009 na 2016 zilionyesha nafuu ya wastani kwa watu wenye wasiwasi wa kudumu, lakini walitumia vidonge vya dondoo iliyopimwa, ambavyo ni vikali kuliko kikombe cha chai. Chai yenyewe ni salama kwa wengi, isipokuwa wenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti, na wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda ya warfarini wanapaswa kumuuliza daktari kwanza. Vidonge maalumu vya mafuta ya lavenda vya miligramu 80 navyo vimeonyesha matokeo mazuri katika majaribio kadhaa. Mafuta ya kunusa yanayouzwa katika chupa, kinyume chake, hayafai kunywewa. Ushahidi kuhusu valeriana, mmea ambao mzizi wake hutumiwa kuleta usingizi na utulivu, haueleweki vizuri, maana tafiti zake zinapingana.

Mimea mitatu tunaomba iogopwe. Kava, mzizi wa visiwa vya Pasifiki, hupunguza wasiwasi lakini imehusishwa na uharibifu mkubwa wa ini, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2002. Ashwagandha, mmea wa tiba za jadi za India, ina tafiti ndogo zenye matumaini, ila nayo imeripotiwa kudhuru ini na kuvuruga tezi ya thairodi, na haifai kwa mjamzito. Mmea wa Hypericum perforatum, wenye maua ya njano, huliamsha ini kuvunja dawa nyingine haraka, hivyo vidonge vya kuzuia mimba, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na warfarini vinaweza kukosa nguvu. Ukichanganywa na dawa za sonona unaweza kuleta hali ya hatari kwa maisha.

Tiba za nyumbani hazitoshi pale wasiwasi unapodumu miezi na kuzuia kazi, masomo au mahusiano. Vilevile, dalili hizihizi huweza kuletwa na thairodi inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, kushuka kwa sukari, hitilafu ya mapigo ya moyo au dawa kama salbutamoli ya pumu, na vipimo rahisi huweza kulibaini hilo. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza, kuzimia, au mawazo ya kujidhuru yanahitaji hospitali siku hiyohiyo. Usiazime vidonge vya kutuliza vya diazepamu vya jirani, kwani huleta utegemezi upesi, na usiache ghafla dawa uliyoandikiwa. Unapokwenda kumwona daktari, chukua kila mmea, chai na kidonge unachotumia, pamoja na kiasi na muda, ukamwonyeshe hata kabla hajakuuliza.