Walikusikiliza kabla ya kuamua?

Assalaam alaykum jamaa. Juzi nilikuwa Chake Chake, akanijia mzee mmoja fundi baskeli, banda lake lipo pembeni mwa njia miaka na miaka, wengine wenu pengine alikuzibieni pancha mkiwa skuli. Kaja na mkoba umejaa risiti za kodi, kila mwaka kaiweka. Anasema kaja bwana mmoja kutoka ofisi fulani kamwambia uondoke hapa, siku saba, basi. Barua hamna, sababu haikutajwa. Nikamuuliza, mzee wangu, na wewe ulisemaje? Akanambia "hawajaniuliza mwanangu, na mie nani hata nishindane na serikali."

Hilo neno la mwisho nimelala nalo. Mie kazi yangu ni uwakili, na sehemu kubwa ya miaka yangu imekwenda kwenye hii sheria ya utawala, yaani sheria inayoiangalia serikali inapotumia nguvu zake, na kila siku nakutana na watu wanaoamini kwamba mkubwa akishasema basi imekwisha. Haijaisha.

Ofisa yeyote, awe sheha (msimamizi wa serikali kwenye shehia, yaani mtaa au kijiji), mkurugenzi wa baraza la mji, mkuu wa wilaya au waziri, hana nguvu za kwake mwenyewe, ana zile alizopewa na sheria tu, na kazipewa kwa kazi maalumu. Chukua sheha. Hachaguliwi kwa kura, anateuliwa, lakini barua yake unaitafuta kwa mambo chungu nzima. Ukienda kutaka barua ya ukaazi swali lake ni moja, huyu anakaa kwenye shehia yangu au hakai. Akikunyima kwa sababu hapendi unapokwenda kwenye siasa, au ana ugomvi na baba yako wa mpaka wa shamba, hapo katumia kalamu ya serikali kwa mambo yake, na uamuzi huo kisheria mbovu hata kama muhuri ni wa kweli.

Sasa turudi kwa mzee wetu, mana kwake yeye tatizo ni jengine, hakusikilizwa. Kuna kesi ya Uingereza ya 1863 naipenda sana, Cooper dhidi ya Wandsworth Board of Works. Sheria ya kule ilimtaka mtu anayetaka kujenga atoe taarifa siku saba kabla, asipotoa bodi inaweza kuvunja. Wakasema Cooper hakutoa, nyumba ishafika ghorofa ya pili, wakatuma watu wakaivunja. Cooper akashitaki, bodi ikajitetea kwamba sheria imetupa ruhusa ya kuvunja na haikusema popote kwamba tumuulize kwanza. Majaji wakamkubalia Cooper, wakasema sheria ikinyamaza mahkama itajaza pale iliponyamaza, huwezi kumvunjia mtu nyumba bila ya kumpa nafasi ya kusema lake. Na jaji mmoja akakumbusha maneno ya zamani kwamba hata Adam hakuhukumiwa peponi mpaka alipoitwa na kuulizwa.

Sisi hili tusione la kigeni. Sayyidna Ali alipotumwa Yemen akiwa bado kijana, Mtume (s.a.w.) alimuusia asihukumu baina ya watu wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa mwanzo. Tumelisoma hili chuoni tukiwa wadogo. Na Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inasema haki ya mtu ikitolewa uamuzi, na mahkama au na chombo chengine, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo mzee wa baskeli ana Katiba upande wake.

Sasa kwenye kuupinga uamuzi, watu huchanganya rufaa na mapitio, yaani mahkama kuupitia uamuzi wa ofisa. Kwenye rufaa unasema uamuzi haukuwa sawa, ubadilisheni. Kwenye mapitio Mahkama Kuu haikai kwenye kiti cha ofisa ikaamua badala yake, inaangalia njia aliyopita: alikuwa na mamlaka, alikusikiliza, au uamuzi wenyewe hauingii akilini kwa mtu yeyote mwenye busara. Ikiona njia mbovu inaweza kuufuta uamuzi (mawakili tunaita sashiorari), kumzuia asiendelee, au kumlazimisha afanye kazi anayoikwepa, hiyo ndo mandamasi. Na kama sheria imekuwekea pahala pa kukata rufaa kwanza, anzia hapo, mahkama itakuuliza kwa nini umeruka. Mambo ya ardhi yana Mahkama yake ya Ardhi, iliundwa kwa sheria ya 1994.

Nakwambieni na upande wa pili pia, mana sipendi kumpa mtu matumaini ya uongo. Ukishinda mapitio ofisi inaweza kukuita, ikakusikiliza vizuri, halafu ikaamua vilevile. Watu wakisikia hivo wanavunjika moyo, wananiambia sasa faida yake nini. Faida naiona kila mara. Mtu akikaa mbele yao na risiti zake ndipo yanapotoka mambo ambayo hawakuyajua, kwamba analipa, kwamba barabara haipiti pale hasa, kwamba kuna uwanja nyuma anaweza kuhamia, kwamba siku saba hazitoshi lakini miezi mitatu inatosha. Mengi yanamalizikia hapo hapo.

Tatizo kubwa la huku kwetu ni maneno ya mdomo. Amri ya mdomo ni ngumu kuipeleka mahkamani, kesho wanaweza kukana. Kwa hiyo na mzee tulikaa pale pale kwenye benchi lake tukaandika barua ya ukurasa mmoja: niliambiwa tarehe fulani niondoke, naomba amri hiyo kwa maandishi pamoja na sababu na sheria inayotumika, naomba kusikilizwa kabla ya hatua yoyote, na nimeambatanisha risiti. Tukatoa nakala mbili. Nikamwambia babu usiiache kwa mlinzi, ipeleke masjala penyewe, panapopokelewa barua, wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako, na hiyo nakala urudi nayo.

Kairudisha jioni, kaikunja katika msahafu isije ikaroa.