Kodi ya mpangaji si faida yote
"Nyumba ya kupangisha haina hasara," utasikia Dar es Salaam. Vyumba vitatu, kila kimoja laki moja kwa mwezi: milioni 3.6 kwa mwaka, mfukoni.

Sivyo. Chumba kimoja kikikaa miezi miwili bila mtu, laki mbili zimeyeyuka. Choo kikijaa, gari la majitaka linaitwa siku hiyohiyo. Bado kitasa, rangi, bati linalovuja, na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ile kodi ya miezi sita unayopokea kwa mkupuo (ndiyo inayowaponza wanaoanza) si ya kula wiki moja. Na kama umejenga kwa mkopo, benki itataka rejesho lake kila mwezi, mpangaji awepo asiwepo.