Kurandomaizi kwenye savei ya mtandaoni: kugawa makundi na kuchanganya maswali ni vitu viwili

Nikimuuliza mtu kama savei yake ina randomaizesheni, yaani watu wanagawiwa kwenye makundi kwa bahati nasibu, mara nyingi najibiwa ndiyo, nimewasha ile ya kuchanganya maswali kwenye Google Forms. Jamani, hiyo ni kitu kingine kabisa, na ni vizuri uielewe kabla link haijaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp maana ikishazunguka ndo basi tena.

Tuanze na makundi. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman mwaka 1981 walichapisha jaribio la ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi moja waliambiwa ukichagua mpango wa kwanza watu 200 wataokolewa, kundi lingine wakaambiwa ukichagua mpango wa kwanza watu 400 watakufa, na mpango wa pili kwa wote ulikuwa wa kubahatisha. 600 toa 400 ni 200, yaani hesabu ni ileile, kilichobadilika ni maneno tu. Lakini upande wa "wataokolewa" asilimia 72 waliuchukua huo mpango wa kwanza, upande wa "watakufa" ni asilimia 22 tu.

Sasa ukitaka kulirudia leo mtandaoni, kinachokupa haki ya kusema ni maneno ndo yamefanya kazi ni kwamba kompyuta imemrushia kila mtu shilingi pale alipofungua fomu, kichwa anasoma hili, mwenge anasoma lile. Siyo wewe uliyechagua, wala siyo yeye. Ukitengeneza link mbili, moja ukaitupa kwenye grupu la wanafunzi na nyingine kwenye grupu la wafanyakazi, hapo hujarandomaizi chochote, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ni umri, ni mshahara, ni chochote. Hivohivo kuwapa watu 100 wa kwanza toleo moja na waliobaki toleo lingine, wanaojibu haraka siyo watu walewale wanaojibu baada ya kukumbushwa mara tatu. Ila usishtuke ukiwa na watu 200 ukapata 92 huku na 108 kule, shilingi ndo ilivyo. Ukitaka makundi yalingane, gawa kwa mafungu, mfano kila watu wanne wanaoingia wawili waende huku na wawili kule, kwa mpangilio wa kubahatisha ndani ya fungu.

Mpangilio wa maswali ni habari nyingine. Marekani mwaka 1948 watu waliulizwa kama nchi yao iwaruhusu waandishi wa habari wa kikomunisti waingie na kutuma habari kwao. Likiulizwa la kwanza, waliokubali walikuwa kama asilimia 37. Likiulizwa baada ya swali la kama nchi za kikomunisti ziwaruhusu waandishi wa Kimarekani, wakafika kama 73, kwa sababu ukishasema wetu waruhusiwe kwao ni ngumu kuwakatalia wa kwao. Swali ni lilelile, neno kwa neno.

Hapa ndo watu wanapoteleza: kuchanganya maswali hakuondoi hiyo athari. Inabaki palepale, ila inasambaa, badala ya kuegemea upande mmoja kwa wahojiwa wote. Kwahiyo lazima data yako ihifadhi kila mtu aliona mpangilio gani, na alikuwa kundi gani, la sivyo umechanga karata bila kujua nani kapewa ipi. Na athari ya mpangilio ikiwa ndo kitu unachokichunguza, basi usichanganye ovyo, tengeneza mipangilio miwili tu na uigawe kama makundi, maana maswali matano tu yana mipangilio 120, utapata mtu mmoja mmoja kila mahali.

Na siyo kila kitu kinachanganywa. "Nyingine, taja" ibaki chini. Skeli ya "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa" ukiichanganya unampoteza mtu, bora uigeuze tu kwa nusu yao. Swali linalotegemea jibu la swali la nyuma yake lisitenganishwe nalo.

Kwa wanaotumia KoboToolbox au ODK, zile programu za kukusanya data kwa fomu, namba ya bahati nasibu iandike once(random()), siyo random() peke yake. Ile ya peke yake inaweza kupigwa upya mtu akiwa katikati ya fomu, na aliyeanza kundi la kwanza akajikuta la pili.

Halafu ukimaliza usihesabu waliokamilisha tu, hesabu na walioanza kila kundi. Kama toleo moja lina maelezo marefu na watu wanakimbia humo zaidi, waliobaki ni wale wavumilivu, na hao huwezi tena kuwalinganisha na kundi lingine kana kwamba ni shilingi iliyowagawa.