Mchaichai bustanini haufukuzi mbu

Wengi hupanda mchaichai kuzunguka nyumba wakiamini harufu yake hufukuza mbu. Mmea ukiwa umesimama tu bustanini, haufanyi kazi hiyo. Mafuta yake, yenye sitrali (kemikali yenye harufu ya limau) kwa wingi, yamo ndani ya jani na hutoka hasa jani linapokatwa au kupondwa. Hata ukijipaka, huyeyukia hewani upesi, kwa hiyo kinga ni ya muda mfupi. Palipo na malaria, tafadhali, usiache chandarua chenye dawa kwa kuutegemea.

Lakini uupande! Chai yake pekee ni sababu tosha. Chomoa chipukizi lenye mizizi, lipande penye jua, limwagilie. Litakuwa kichaka kinachoweza kuzidi mita 1, cha kuvunwa miaka kadhaa.