Mlimani haikuanza Mlimani

Kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, au kijiweni Kirumba, hapa Mwanza, utasikia hoja hii: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1970, Nyerere alipokizindua pale Mlimani, kilipo hadi leo. Mwaka huo una maana yake, ila si wa kuzaliwa.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Hakikuwa mlimani hata kidogo. Kilianzia ndani ya jengo la chama cha TANU, katikati ya mji, mtaa wa Lumumba wa leo. Kitivo kilikuwa kimoja, sheria, na wanafunzi hawakufika ishirini. Majengo ya mlimani yalihamiwa mwaka 1964.

Kabla ya chuo hiki kufunguliwa, kijana wa Kanda ya Ziwa aliyetaka elimu ya juu hapa Afrika Mashariki alitazama ng'ambo ya ziwa, Makerere, Uganda. Nyerere mwenyewe, mtoto wa Butiama, alisomea ualimu huko.

Mwaka 1963 vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Ndiyo maana cheti cha mzee aliyehitimu Mlimani mwaka 1968 kina jina hilo, na wajukuu wengine hudhani alisoma Uganda! Muungano huo ulivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake. Hapo ndipo Mlimani ikawa chuo kikuu kamili cha taifa, Nyerere akiwa mkuu wake.