Browning M2: rashasha iliyochelewa vita vyake

Oktoba 1918, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika, bunduki mpya ya rashasha ilifyatuliwa kwa majaribio nchini Marekani. Iliagizwa kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Wajerumani walikuwa wameanza kuzivika baadhi ya ndege zao mabamba ya chuma, na risasi za kawaida za askari wa miguu zilikuwa zikigonga na kudunda. Jenerali John J. Pershing, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Ulaya, alitaka silaha yenye kishindo zaidi. Ilikuja imechelewa, tena ilikuja na kasoro.

Sisi tunaotunza silaha za kihistoria tumezoea kusikia kwamba Browning M2 imedumu karibu miaka mia kwa kuwa ilizaliwa kamili. Ukifuatilia kumbukumbu zake unakuta hadithi nyingine kabisa. Ilizaliwa nzito, dhaifu na isiyo na kazi maalumu, na ikachukua miaka kumi na mitano ya amani kuifanya ifae.

Mbunifu wake, John Moses Browning, alikuwa fundi kutoka Ogden, jimbo la Utah, na baba yake pia alikuwa fundi bunduki. Tayari alikuwa na rashasha iliyopokewa na jeshi mwaka 1917, ya kipenyo cha milimita 7.62. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, aliichukua hiyo hiyo akaikuza, huku kampuni ya Winchester ikitengeneza risasi yake, yenye kipenyo cha nusu inchi, yaani milimita 12.7. Matokeo hayakumfurahisha mtu. Risasi haikufikia kasi iliyotakiwa. Bunduki ilikuwa ngumu kuidhibiti, ikifyatua taratibu mno kwa kupambana na askari na ikiwa haina nguvu ya kutosha kutoboa deraya.

Aliyeonyesha njia alikuwa adui. Mwaka 1918 kiwanda cha Mauser cha Ujerumani kilitoa bunduki ndefu ya kupigia vifaru, ya milimita 13.2, ikifyatua risasi moja moja. Wamarekani waliziteka baadhi wakazipima, na nguvu ya risasi ile ikawa kipimo cha kukifikia. Risasi ya Marekani ikaundwa upya, na hadi leo majeshi yanayotumia M2 yanatumia risasi ya ukoo ule: ganda lenye urefu wa milimita 99, kichwa cha gramu zipatazo 42 hadi 45, kikitoka mtutuni kwa mwendo unaokaribia mita 890 kwa sekunde.

Ndani ya bunduki kazi inaendeshwa na ule msukumo unaorudi nyuma. Risasi inapotoka, mtutu na bolti, kile chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, hurudi nyuma pamoja vikiwa vimefungamana, mwendo mfupi tu. Kisha hufunguka. Mtutu unasimama, bolti inaendelea nyuma ikilitoa ganda tupu na kuvuta risasi nyingine kutoka kwenye mkanda, halafu springi inairudisha mbele. Hakuna bomba la gesi wala mota. Browning alikwisha kuthibitisha mtindo huu kwenye rashasha yake ndogo, kwa hiyo tatizo lililobaki halikuwa hapo. Tatizo lilikuwa joto, na lile la kila idara ya jeshi kutaka bunduki ya namna yake.

Toleo la mwaka 1921 lilipozwa kwa maji, mtutu ukizungukwa na bomba nene lililojaa maji. Kwa walinzi wa anga waliokaa mahali pamoja lilifaa. Warusha ndege walitaka nyepesi, isiyo na maji. Watu wa magari ya deraya nao hawakutaka kubeba ndoo. Wapo waliohitaji mkanda uingie kushoto, wengine kulia. Kila ombi lingehitaji kiwanda chake, na Marekani ya miaka ya 1920 haikuwa na fedha za silaha. Browning mwenyewe hakuishi kuliona jibu: alifariki tarehe 26 Novemba 1926 mjini Liège, Ubelgiji, akiwa kazini kwenye kiwanda cha silaha cha FN.

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye silaha. Samuel Green, kati ya mwaka 1927 na 1932, alibuni mwili mmoja wa bunduki unaoweza kuvalishwa mtutu wa maji, mtutu mwepesi wa ndege au mtutu wa gari, na kulishwa mkanda kutoka upande wowote. Mwaka 1933 jeshi liliupokea kwa jina la M2. Kwa maoni yangu hapa ndipo silaha hii ilipozaliwa kweli, na mtu akiniuliza nani aliitengeneza, humtaja Green pamoja na Browning.

Joto lilibaki kuwa kikwazo kwa toleo la ardhini lisilo na maji. Mtutu mwembamba ulipata moto kupita kiasi baada ya risasi zipatazo 75 tu. Dawa yake haikuwa ya kiufundi sana: waliuongezea chuma. Mtutu mnene hukawia kupata moto, kama sufuria nzito ya pilau. Toleo hilo ndilo M2HB, ambalo wengi wameliona hata kama hawajui jina lake. Bunduki yenyewe ina kilo 38, na stendi yake ya miguu mitatu inaongeza kilo 20. Hakuna askari anayekimbia nayo begani. Ni silaha ya kubebwa na gari, meli au ndege, au ya kuchukuliwa na timu nzima na kusimikwa mahali.

Vita vya Pili vilipofika, vifaru vilikuwa vimeota ngozi nene kuliko nguvu ya risasi ya nusu inchi. Deraya iliyokusudiwa mwaka 1918 ikawa haipo tena. Lakini ndege zilikuwapo, malori yalikuwapo, na yale magari mepesi ya deraya pia. M2 ya ndege, iliyopunguzwa hadi kilo 28 hivi na kuongezewa kasi ya kufyatua, ilifungwa sita kwenye mabawa ya ndege ya kivita P-51D, nane kwenye P-47, na kumi na tatu kuizunguka B-17G, ndege kubwa ya mabomu. Zilitengenezwa karibu milioni mbili za aina zote, na kampuni ya bunduki ya Colt peke yake isingeweza. Frigidaire, watengenezaji wa majokofu, walitoa M2. AC Spark Plug, watu wa plagi za magari, nao vile vile.

Kisa ninachokipenda kukisimulia ni cha Pearl Harbor, 7 Desemba 1941. Kwenye meli ya kivita West Virginia alikuwapo Doris Miller, kijana Mweusi kutoka Texas, kazi yake ikiwa ni jikoni na mezani. Wakati ule jeshi la majini la Marekani liliwaweka mabaharia Weusi kwenye utumishi wa namna hiyo, na kuitumia silaha ile ya kutungulia ndege hakufundishwa. Meli ilipopigwa, alisaidia kumhamisha nahodha wake aliyejeruhiwa vibaya, kisha akashika Browning ya nusu inchi akaanza kuzifyatulia ndege za Wajapani hadi risasi zilipokwisha. Mei 1942 Admirali Chester Nimitz alimvisha nishani ya Navy Cross. Novemba 1943 Miller alikufa pamoja na mamia ya wenzake meli ya Liscome Bay ilipozamishwa. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba manowari mpya ya kubeba ndege itaitwa kwa jina lake.

Hapa niseme neno kuhusu sheria, maana swali hili haliishi. Inadaiwa, hata na watu waliopitia jeshini, kwamba Mikataba ya Geneva inakataza kumpiga binadamu kwa risasi ya nusu inchi, kwamba ni ya vyombo tu. Si kweli. Hakuna mkataba unaotaja kipenyo hicho. Kinachochanganywa ni Azimio la St. Petersburg la mwaka 1868, lililokataza vichwa vya risasi vinavyolipuka vyenye uzito chini ya gramu 400. Risasi ya kawaida ya M2 hailipuki, ingawa zipo za aina maalumu zenye mlipuko ndani, na hizo ndizo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imezihoji.

Mkanganyiko wa pili unahusu picha za magazetini. Rashasha ndefu iliyofungwa nyuma ya pikapu huko Somalia, Libya au mashariki ya Kongo mara nyingi si Browning. Ni DShK ya Urusi ya Kisovieti, au nakala yake ya China. Hiyo nayo ni zao la miaka ya kati ya vita: Vasily Degtyaryov aliianza ikitumia kasha la risasi 30, Georgy Shpagin akaiongezea mtambo wa kulisha mkanda, na ikapokewa kama silaha ya mwaka 1938. Kipenyo ni kile kile, milimita 12.7, lakini ganda lake lina milimita 108, kwa hiyo risasi za moja haziingii kwenye nyingine. Ukiokota yoyote kati ya hizo shambani, hata ikiwa imeliwa na kutu, iache palepale na uwaarifu polisi. Mnunuzi wa vyuma chakavu si mtu wa kupelekewa.

Kasoro moja ya M2 ilidumu kuliko wote walioibuni. Kila mtutu ulipobadilishwa, askari alipaswa kurekebisha kwa mkono nafasi kati ya mtutu na bolti, akiuzungusha mtutu na kupima kwa kipimo maalumu. Hata gizani, hata chini ya mvua ya risasi. Akikosea, ama bunduki inagoma, ama ganda linapasuka ndani na kumjeruhi aliye nyuma yake. Vizazi vya wakufunzi vimepiga kelele juu ya jambo hili. Ni mwaka 2010 tu jeshi la Marekani lilipoidhinisha M2A1, ambayo nafasi hiyo imewekwa kiwandani na mtutu unabadilishwa kwa sekunde chache.

Bunduki za zamani zilianza kurudishwa karakana ya Anniston, Alabama, kubadilishwa ziwe M2A1. Mwaka 2015 mafundi walikuta moja ya zamani sana, yenye namba 324. Walipoupima mwili wake, uliwapa vipimo bora kuliko nyingi zilizokuja baada yake.